Shajara ya mradi: mashine moja ya nje kwa vyumba vitatu, Shangani, Mtwara

5 Oktoba 2024: Vipimo kabla ya manunuzi

Nyumba yetu iko Shangani, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka ufukweni, imejengwa kwa matofali ya saruji na kuezekwa kwa mabati. Majirani na jamaa kadhaa wameniuliza kuhusu mpango wetu wa kuweka kiyoyozi chenye mashine moja ya nje na tatu za ndani, nami nimeona ni afadhali niandike kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama na makosa, ili anayetaka kuifuata kazi hii asilipie makosa yaleyale mara ya pili.

Sababu ya mradi ni Mama. Alihamia kwetu mwanzoni mwa mwaka kutoka Tandahimba, ana umri wa miaka 78 na tatizo la presha, na joto la kaskazi lilipopamba moto tulikuwa tukimkuta usiku wa manane amekaa barazani juu ya mkeka kwa sababu chumbani hakukaliki. Kwa ruhusa ya shule nimeazima maabara kipimajoto chenye kipimo cha unyevu na kukiweka chumbani kwake kwa wiki nzima. Saa nane mchana kinasoma nyuzi 32. Saa nane usiku joto linashuka hadi 28, lakini unyevu unapanda hadi asilimia 84. Kwa hiyo kinachomwamsha Mama si joto peke yake. Jasho halikauki mwilini kwa sababu hewa imeshajaa maji, na jambo hili ndilo litakaloongoza uchaguzi wa mashine.

Niieleze mashine yenyewe kidogo. Katika nchi za baridi huitwa pampu ya joto, na hununuliwa hasa kwa ajili ya kupasha nyumba joto: gesi inayozunguka ndani ya mabomba huchota joto kutoka hewa ya nje na kuliachia ndani. Mzunguko huohuo ukigeuzwa, joto huchotwa ndani na kutupwa nje, nasi huku pwani tunaiita kiyoyozi. Mashine nyingi za vyumba kadhaa huja na uwezo wa kufanya kazi zote mbili. Mtwara hata Julai usiku haushuki sana chini ya nyuzi 20, kwa hiyo upande wa kupasha joto tutaulipia bila kuutumia.

26 Oktoba 2024: Dari na madirisha

Kazi ya kwanza haikuhusu umeme. Kwa kipimajoto hichohicho niligusisha upande wa chini wa dari ya jipsamu saa nane mchana nikapata nyuzi 41, yaani dari yenyewe ilikuwa jiko linalowaka juu ya vichwa vyetu. Tulitandaza karatasi ya foili yenye vipovu chini ya mabati kwa gharama ya Tsh 620,000, na fundi alilipwa Tsh 150,000. Wiki iliyofuata, saa ileile na jua lilelile, dari ilisoma 35. Madirisha mawili ya luva chumbani kwa Mama, ambayo hayafungi hata ukiyabana vipi, yalibadilishwa kuwa ya alumini ya kusukuma kwa Tsh 380,000, na mianya ya vyumba vingine ikazibwa kwa silikoni na mpira kwa Tsh 45,000. Ningeshauri hatua hii itangulie kwa kila mtu, kwa maana ukubwa wa mashine unategemea joto linaloingia, na joto lililozuiwa kuingia halihitaji umeme wa kulitoa.

2 Novemba 2024: Kuchagua

Malipo ya mnada wa korosho za shamba la Mama yameingia wiki hii, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema yatumike kwa kazi hii, hivyo nimejiona na wajibu wa kuwa mwangalifu zaidi.

Uwezo wa kiyoyozi hutajwa kwa BTU, yaani kiasi cha joto kinachoweza kuondoa kwa saa, na kanuni wanayotumia wauzaji wengi ni BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha Mama kina mita za mraba 11.9, chetu 15.1 na sebule 22.5, na ukizidisha unapata BTU 7,140, 9,060 na 13,500, jumla 29,700. Muuzaji wa Kariakoo niliyezungumza naye kwa simu alipendekeza mashine ya nje ya BTU 36,000 yenye mashine za ndani za 12,000, 12,000 na 24,000. Aliniambia, "Mwalimu, usijibane, chukua kubwa, utakuja kunishukuru." Nilimuuliza kiwango cha chini ambacho mashine hiyo inaweza kujishusha ikiwa chumba kimoja tu kimewashwa. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hilo.

Nalisisitiza swali hili kwa sababu mashine zote hutangazwa kwa kiwango chao cha juu, ilhali nyumba ya familia hukitumia kiwango hicho kwa nadra mno. Mashine za kisasa za inveta huongeza au kupunguza kasi ya kompresa, yaani pampu inayoisukuma gesi, kufuatana na mahitaji, lakini zina sakafu ambayo haziwezi kushuka chini yake, na mashine ya nje ya vyumba vingi ina sakafu ya juu kuliko ile ya chumba kimoja. Usiku, Mama akiwa amelala peke yake katika chumba kidogo kilichofungwa vizuri, mahitaji yake huenda yasizidi BTU 4,000 kwa saa. Mashine ambayo haishuki chini ya 10,000 italazimika kuwaka, kuzima na kuwaka tena usiku kucha.

Baada ya kusoma karatasi za viwanda vitatu nilichagua mashine ya nje ya BTU 24,000 yenye za ndani za 9,000, 9,000 na 12,000. Jumla ya za ndani ni 30,000, nayo inazidi ya nje kwa asilimia 25, lakini kiwanda kinaruhusu, na vyumba vyote vitatu haviwashwi kwa pamoja kwetu isipokuwa kuna wageni. Kiwango chake cha chini ni BTU 7,500. Bado ni kikubwa kwa chumba cha Mama, na nimekinunua nikilijua hilo.

Gesi yake ni R32, ambayo nguvu yake ya kuongeza joto duniani ni mara 675 ya kaboni dayoksaidi, ikilinganishwa na mara 2,088 kwa R410A, gesi nyingine ya viyoyozi. Huwaka moto kwa taabu, lakini huwaka, na fundi yeyote ni lazima alijue hilo kabla ya kuleta mtungi wa kuchomelea.

Mtu atauliza kwa nini nisingenunua viyoyozi vitatu vya kujitegemea, ambavyo kwa bei nilizopewa vingegharimu Tsh 3,650,000, wakati seti hii imegharimu Tsh 4,850,000 na usafiri kutoka Dar es Salaam Tsh 120,000. Sababu ni ukuta. Upepo wa kaskazi unaingia nyumbani kwetu moja kwa moja kutoka baharini ukiwa na chumvi, upande wa mashariki kuna baraza, kusini tumepakana na jirani kwa karibu sana, na mahali pekee penye kinga na nafasi ya kupumua ni kona ya jikoni upande wa magharibi, panapotosha mashine moja tu. Mwenye kuta za kutosha zilizo mbali na bahari hana haja ya kunifuata katika hili.

16 Novemba 2024: Mabomba, nyaya na maji

Fundi viyoyozi amekubali Tsh 450,000 kwa vyumba vyote. Mabomba ya shaba, jozi ya robo inchi na inchi 3/8 pamoja na sponji yake, yamechukua mita 33 kwa Tsh 24,000 kila mita, jumla Tsh 792,000. Sponji lazima ivishwe kila bomba peke yake, kubwa na dogo, kwa sababu katika mashine hizi mabomba yote mawili hupata baridi, na kwa unyevu wa huku bomba lililo wazi hutoa jasho hadi ukuta ukaota kuvu. Umeme umewekwa kwenye njia yake pekee kutoka kwenye breka kuu, na fundi umeme ameongeza athi mpya na mita ndogo ya kuhesabu uniti za kiyoyozi peke yake, vyote Tsh 310,000. Kwa kuwa jioni volti hushuka na kurudi ghafla, tumeongeza kilinda volti cha Tsh 95,000 kinachosubiri dakika tano kabla ya kurudisha umeme.

Bomba la kutolea maji la chumba cha Mama lilirudiwa mara moja. Fundi alilipitisha juu ya lenta likapanda kidogo katikati, na nilipomimina kikombe cha maji ndani ya mashine, maji yakarudi ukutani. Sasa linashuka angalau sentimita moja kwa kila mita, na tumelipima kwa pima maji kutoka mwanzo hadi mwisho.

30 Novemba 2024: Kuvuja

Wiki mbili hizi zimetufundisha mengi. Fundi wetu ana uzoefu wa miaka mingi, lakini sehemu kubwa ya uzoefu huo ni wa gesi ya zamani ya R22, na R32 hufanya kazi kwa mgandamizo unaokaribia mara 1.6 ya ile. Mdomo wa bomba uliochanuliwa, yaani uliopanuliwa kama tarumbeta ili ubanwe na nati, kwa mazoea ya R22 unaweza kushikilia gesi ile kwa miaka na ukashindwa na hii kwa siku moja.

Alitaka kufungua gesi mara moja na kuiacha isukume hewa itoke nje ya mabomba, njia ambayo mafundi wengi huitumia. Nilimwomba tusifanye hivyo. Hewa ya Mtwara ina maji, maji yakibaki ndani huchanganyika na mafuta ya kompresa na kuzaa asidi, na asidi hula kompresa polepole hadi ife bila mtu kujua chanzo. Tulikodi mtungi wa nitrojeni wa kupimia uvujaji na pampu ya kufyonza hewa kutoka karakana moja ya majokofu ya samaki kwa Tsh 110,000.

Tulijaza nitrojeni hadi bar 35 (bar ni kipimo cha mgandamizo) saa nane mchana. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi geji ilisoma 31. Fundi alisema ni baridi ya usiku. Ni kweli kwamba nitrojeni husinyaa ikipoa, kwa hiyo tulikaa barazani na kalamu: kutoka nyuzi 33 hadi 25, bar 35 inapaswa kushuka hadi karibu 34. Bar tatu zilizobaki zilikuwa zinavuja mahali fulani. Tulipaka maji ya sabuni kwenye nati zote kumi na mbili, na tatu kati yake zikatoa povu, moja ikitoa kipovu kimoja kidogo tu kila baada ya nusu dakika hivi, ambacho mtu mwenye haraka asingekiona.

Tulipofungua tuliona chanzo. Bomba lilikatwa vizuri lakini ukingo wake wa ndani haukukwanguliwa, na utepe mwembamba wa shaba kama unyuzi ulikuwa umelalia kwenye mdomo uliochanuliwa, ukiacha mfereji ambao jicho haliuoni mpaka uugeuzie kwenye mwanga. Tulikata upya midomo yote kumi na miwili, tukaikwangua bomba likiwa limeinamishwa ili vumbi la shaba lisiingie ndani, tukaipaka tone la mafuta, tukafunga kwa spana inayopima nguvu badala ya kufunga kwa nguvu za mkono. Nati mpya ziligharimu Tsh 48,000. Safari hii bar 35 za mchana zilikuwa 34 asubuhi, nasi tukaridhika. Pampu ilifyonza kwa dakika arobaini na tano hadi chini ya maikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki ndani, kikiwa kidogo ndiyo bora), ikazimwa, na kwa nusu saa geji haikupanda.

Mashine inakuja na gesi ya kutosha mita 22.5. Kwa mita 10.5 zilizozidi, kitabu kinataka gramu 12 kwa kila mita, yaani gramu 126, na fundi alizipima kwa mizani. Nampongeza kwa hilo.

8 Desemba 2024: Chumba cha Mama hakipoi

Jana tuliwasha. Mashine ya chumba cha Mama ilipuliza hewa yenye joto la kawaida kwa saa nzima. Wakati huohuo maji yalianza kutiririka kwenye ukuta wa sebule, ambako mashine ilikuwa imezimwa kabisa.

Fundi alisema gesi ni pungufu na akaenda kuchukua mtungi. Nilimsihi, "Fundi, gesi tumeipima kwa mizani. Tuangalie kwanza." Tulifungua kifuniko cha mashine ya sebule tukakuta mapezi yake, yaani vibati vyembamba ambamo hewa hupita ili ipoe, yameganda barafu. Nje, kwenye milango mitatu ya mabomba, nati ya mlango A, wenye mabomba ya sebule, ilikuwa na ukungu mweupe uliokauka kama chumvi kwenye mashua, na nati ya mlango B, ambayo ndiyo ya chumba cha Mama, ilikuwa kavu na ya joto. Mikono yetu miwili juu ya nati mbili ilitupa jibu.

Waya za mawasiliano zilikuwa zimepishana. Mashine ya nje hutambua chumba kwa waya, kisha hufungua valvu ya mlango wenye herufi ileile. Waya za Mama zilikuwa zimefungwa kwenye A, lakini mabomba yake yalikuwa kwenye B. Alipowasha yeye, gesi baridi ilikwenda sebuleni, ambako feni haikuzunguka, ikaganda, barafu ikayeyuka na kushuka ukutani. Tungeongeza gesi siku ile, tungekuwa na kosa la pili juu ya la kwanza, na la pili ndilo lingeua kompresa.

Tulizima umeme, tukahamisha waya nne, na dakika kumi baadaye chumba cha Mama kilikuwa kinapoa. Tangu sasa kila bomba na kila waya una mkanda wa rangi mwanzo na mwisho: nyekundu Mama, njano sebule, bluu chumbani kwetu. Kipimo cha kufanya kabla fundi hajaondoka ni kuwasha chumba kimoja kimoja na kugusa mabomba nje.

11 Januari 2025: Baridi yenye unyevu

Sakafu ya BTU 7,500 niliyoinunua kwa kujua imedai haki yake. Mama alivumilia mwezi mzima kabla ya kuniambia kwamba chumba kinapoa lakini shuka zinakuwa na majimaji, na miguu inamuuma asubuhi. Kipimo kilionyesha nyuzi 24 na unyevu asilimia 78.

Nilikaa nje usiku na saa mkononi. Kompresa iliwaka dakika nne, ikazima dakika sita, ikawaka tena. Kompresa inapozima, feni ya ndani huendelea kuzunguka, na maji yaliyonata kwenye mapezi kabla hayajadondoka hurudishwa hewani. Ili kuwa na uhakika niliweka ndoo ya lita kumi chini ya bomba la maji la chumba cha Mama. Kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ilipata lita moja na nusu.

Jaribio la kwanza lilikuwa kushusha joto hadi nyuzi 22. Mama aliomba blanketi, na unyevu ulibaki 75. La pili lilikuwa kuweka feni ya taratibu, likasaidia kidogo. La tatu lilikuwa kuwasha mashine ya chumba chetu wakati uleule, vyote viwili vikiwa nyuzi 26, ili mahitaji ya jumla yavuke sakafu ya mashine. Kompresa ilizunguka kwa kasi ndogo bila kuzima kwa zaidi ya saa moja. Unyevu chumbani kwa Mama ulishuka hadi asilimia 62, na asubuhi ndoo ilikuwa na lita tatu na nusu.

Nilihofia bili, lakini mita ndogo ilinituliza. Chumba cha Mama peke yake kwa nyuzi 24 kilikuwa kinakula uniti 5.1 kwa usiku. Vyumba viwili kwa nyuzi 26 vinakula 5.9. Kwa ongezeko la uniti 0.8, karibu Tsh 290 kwa bei yetu ya Tsh 357 kwa uniti pamoja na kodi, tunapata chumba cha pili na unyevu unaokubalika. Hata hivyo ni lazima niseme wazi kwamba kama ningekuwa na ukuta mwingine wenye kinga, ningempa Mama kiyoyozi chake cha inveta cha kujitegemea, na kuacha mfumo wa pamoja kwa vyumba vingine viwili.

1 Februari 2025: Chumvi

Wiki nane tu, na boliti za kawaida zinazoshikilia mashine ya nje zimetoa kutu inayochuruzika ukutani. Zimebadilishwa pamoja na mabano yake kwa za chuma kisichoshika kutu, Tsh 70,000. Kila Jumamosi ya pili namwagia mapezi yake maji ya bomba ili kuondoa chumvi, kwa mpira wa bustani, umeme ukiwa umezimwa na maji yakitoka kwa nguvu ndogo, kwa sababu mapezi ya alumini hupinda kwa msukumo mkubwa.

1 Machi 2025: Hesabu

Februari tumetumia uniti 271, takribani Tsh 96,700, ambapo kabla ya mradi mwezi wetu ulikuwa uniti 88. Kati ya ongezeko hilo, 165 ni za usiku na 18 ni za sebule siku za Jumapili. Gharama yote ya mradi tangu foili ya dari hadi boliti za mwezi uliopita ni Tsh 8,040,000.

Mama amerudisha nguo zake za sanduku kwenye kabati la ukutani, ambalo mwaka jana alikataa kulitumia kwa ajili ya kuvu, na maji ya ndoo anamwagilia mchicha wake nyuma ya jiko. Kazi iliyobaki ni sponji ya mabomba ya nje, ambayo upande unaopigwa na jua la jioni imeanza kupasuka. Nitaivisha bomba la plastiki kabla masika hayajaisha na kuandika hapa gharama yake.